Aliyeangusha Kisu Kwanza

Machi 4, Jumatatu

Mvua imeanza leo, nami nimeanza kazi. Aliyenipatia ni wifi yangu, mjane wa marehemu kaka yangu. Tangu nistaafu ualimu nimekuwa nikiishi kwake, na nadhani amechoka kusahihishwa lugha asubuhi, mchana na jioni.

Kazi ni kusoma kwa sauti. Karakana hii, ambamo wifi ni mkunjaji, hutengeneza sigara nene, zile zinazokunjwa kwa mkono kwa jani zima. Wakunjaji huketi mezani kutwa, mikono ikiwa na shughuli na masikio yakiwa hayana. Kwa hiyo wao wenyewe humwajiri msomaji na kumlipa kila Jumamosi kutoka mifukoni mwao. Mwenye karakana hahusiki. Asubuhi nasoma gazeti, mchana hadithi.

Kiti changu kiko juu ya jukwaa la mbao. Meza zimepangwa safu nyuma ya safu, zote zikielekea kwangu. Naiona mikono yote. Wao huinamia majani, hawaoni ila kisogo cha aliye mbele.

Hawapigi makofi. Kila mkunjaji ana kisu kifupi chenye makali ya mviringo. Jambo likimpendeza, hugonga ubao kwa kisu. Lisipompendeza, hukiangusha kisu sakafuni. Mmoja huanza, wengine wakamfuata au wasimfuate. Msomaji mpya husoma hadi mvua ziishe, kisha visu huamua kama atabaki.

Niliwaambia kanuni yangu: nasoma kilichoandikwa, siongezi neno wala sipunguzi. Mzee mmoja wa safu ya mbele, wanayemwita Kibogoyo kwa kuwa hana jino hata moja, akasema, "Tumeshukuru, Mwalimu. Aliyekutangulia alikuwa anaruka kurasa awahi kula."

Machi 6, Jumatano

Gazeti lilichelewa kwa mvua. Nikasoma matangazo ya vifo ya juzi, wakayagongea visu. Kibogoyo alisema wafu wa safari hii walikuwa watu wa maana.

Machi 7, Alhamisi

Nimefundisha miaka mingi, najua kutazama chumba. Humu kuna watu wawili ambao siwaamini.

Wa kwanza ni nyapara. Huvaa viatu vya raba na kupita katikati ya meza bila kishindo. Mtu mwenye nia njema huacha miguu yake isikike.

Wa pili ni mwanamke wa safu ya mwisho, aliyeajiriwa mwezi uliopita. Wanamwita Kimya. Ukimsalimu huitikia kwa kichwa. Utani ukipita, hacheki. Darasani kwangu watoto wa namna hiyo ndio waliokuwa na mawe mifukoni.

Nilimweleza wifi tulipokuwa tukirudi. Akasema, "Wewe wifi, ungekuwa paka ungeshuku hata maziwa."

Machi 8, Ijumaa

Meneja ameniita ofisini. Alinimiminia chai mwenyewe. Alisema ameandika historia ya tumbaku tangu asili yake hadi leo, kwa ajili ya sherehe ya karakana baada ya mvua. Anaomba niwasomee wakunjaji sura moja kila Jumatano, na kila Ijumaa tukutane tusahihishe lugha.

"Mimi ni mtu wa hesabu, Mwalimu wangu," alisema. "Lugha imenishinda."

Si kila mkubwa anayekubali kushindwa. Nilimwambia nitakubali iwapo wakunjaji watakubali. Niliporudi jukwaani nikawauliza, wakagonga.

Jioni wifi aliniuliza, "Chai ya ofisini ikoje?"

"Nyepesi."

"Chai ya mkubwa, hata iwe nyepesi namna gani, ni nzito kumeza."

Machi 13, Jumatano

Sura ya kwanza. Jani la tumbaku lilipandwa kwanza ng'ambo ya bahari, na watu waliolivuta katika ibada na matibabu kabla mgeni yeyote hajafika kwao. Mabaharia wakalibeba. Balozi mmoja akampelekea malkia wake unga wa jani hilo atibu kichwa. Mfalme mwingine akaandika kitabu kizima kulilaani kwa uvundo wake, kisha akaliongezea ushuru.

"Anachukia moshi, anapenda ushuru," alisema Kibogoyo. "Huyo si mfalme, huyo ni meneja."

Visu viligonga hadi vumbi likaruka.

Machi 15, Ijumaa

Chai. Tumesahihisha viambishi. Meneja alitaka kujua walicheka wapi. Nikamwambia.

Machi 20, Jumatano

Mvua kubwa. Madirisha yamefungwa, majani yanavuta unyevu, chumba kinanuka kama kabati la marehemu.

Sura ya pili inahusu mashamba makubwa ya kwanza. Imeandikwa: "Wafanyakazi waliletwa kwa meli, na jani likastawi." Nilisoma kama ilivyo, ingawa kinywa kilikuwa kizito. Walioletwa walikuwa watumwa. Kitabu kinajua, nami najua, na Kibogoyo, ambaye hakupita darasa la tatu, alijua. Aliacha kukunja, akakishika kisu chake kwa ncha ya mpini na kukiachia. Kisha kikaanguka kingine, na kingine.

"Endelea, Mwalimu," alisema. "Hatujakuangushia wewe. Tumewaangushia hao walioletwa."

Machi 22, Ijumaa

Chai na biskuti. Nilimkabili Meneja juu ya ile sentensi. Nilisema ni ya uongo, na kwamba mkunjaji aliyeanza kuangusha kisu alikuwa na haki. Akaniuliza ni yupi, nikamtaja Kibogoyo. Meneja aliandika kitu pembeni mwa ukurasa, akaahidi kuirekebisha.

Machi 25, Jumatatu

Kibogoyo hayupo mezani pake. Amepelekwa chumba cha mishipa.

Hicho ni chumba cha nyuma, kisicho na dirisha, ambamo watu hukaa juu ya magunia na kutoa mshipa wa katikati wa kila jani. Ni kazi ya wanaoanza au ya waliokwisha. Vumbi la tumbaku humo huning'inia hewani, na anayeingia hupiga chafya kabla ya kusema hodi. Nyapara alitangaza kwamba mikono ya mzee imeanza kutetemeka. Nimeitazama mikono hiyo wiki tatu mfululizo. Haitetemeki.

Kuna mtu anayepeleka habari. Nilimwambia wifi, naye alikuwa amekwisha kuwaza hivyo.

"Ni yule wa raba," alisema.

"Jumatano yote alikuwa kwenye ghala la majani akitazama kama yameota ukungu. Hakuwapo."

Tulitembea kidogo. Mwavuli ni mmoja, na wifi ni mpana.

"Basi kikulacho ki nguoni mwako," alisema. "Ni mmoja wetu."

Machi 27, Jumatano

Sura ya tatu, tumbaku vitani. Makamanda waliwagawia askari sigara pamoja na chakula, na vita vilipokwisha, wanaume wengi wakarudi makwao na tabia hiyo. Kitabu kinasema, "Sigara ilimpa askari faraja." Fundi mmoja aliyewahi kuwa jeshini, wanamwita Sajini, aliangusha kisu akasema walipewa sigara siku ambazo chakula hakikuwapo. Hakuna aliyemfuata. Walikuwa wanaogopa.

Nilimtazama Kimya. Alikuwa ameinama, sikio moja kalielekeza kwetu. Nimeliona hilo.

Machi 29, Ijumaa

Chai. Mpangilio wa aya ni mbaya. Nikapendekeza maneno ya Sajini yaingizwe kitabuni. Meneja akasema ni wazo zuri sana.

Aprili 1, Jumatatu

Sajini yuko chumba cha mishipa. Sababu: sigara zake hazina umbo.

Aprili 2, Jumanne

Niliwaeleza wanawake wa safu ya tatu habari ya sikio la Kimya. Sikusema kwamba ni yeye. Nilisema tu nilichokiona. Mchana, kopo lake la chakula lilikuwa limeondolewa kwenye rafu ya wote na kuwekwa chini karibu na mlango, mahali pa ndoo. Alilichukua bila kusema. Mwenye roho safi angeuliza.

Aprili 3, Jumatano

Nitaandika kwa urefu.

Sura ya nne inarudi nyuma, kwenye tiba, kwa kuwa mwandishi hana mpangilio. Imeandikwa kwamba waganga wa zamani walilisifu jani hili kuwa dawa ya maradhi mengi, hata ya kifua, na kwamba walikuwapo madaktari waliokubali kusimama kwenye matangazo wakiwa na sigara mkononi. Sura inaishia hapo. Haisemi madaktari wa baadaye waligundua nini walipoanza kuchunguza mapafu ya wavutaji. Mtu akisoma sura hii pekee atadhani dunia ilisimama siku ya tangazo.

Kaka yangu alikunja sigara katika chumba hikihiki, na alivuta alizokunja, maana kila mkunjaji hupewa chache kwa siku avute kazini. Alikohoa miaka miwili. Mwisho hakuweza kumaliza sentensi, nami nilizoea kumsubiri, kisha nikazoea kummalizia.

Nilipofika kwenye maneno "dawa ya kifua," wifi alisimama. Hakuna anayesimama humu. Alikitazama kisu chake, akanitazama mimi, akakiachia. Safu zote zikamfuata, moja baada ya nyingine, hata waliokuwa wanaogopa wiki iliyopita.

Nilimaliza ukurasa. Nilisoma kilichoandikwa.

Njiani hakufungua mwavuli. Nilimwambia nilisoma kwa kuwa ni wajibu wangu.

"Najua, wifi," alisema. "Wewe hata hukumu yako ya kunyongwa ungeisoma, tena ungeweka na mkato."

Aprili 5, Ijumaa

Chai. Nilimwambia Meneja sura ya nne ni aibu na iondolewe. Aliniuliza kwa upole nani alianza. Sipendelei jamaa. Nilisema ni wifi yangu, tena ana haki kuliko wote.

Aprili 8, Jumatatu

Wamempeleka wifi chumba cha mishipa.

Aprili 10, Jumatano

Hakuna sura wiki hii. Meneja anasema bado anaandika ya mwisho. Mvua usiku na mchana. Ukungu umeingia ghalani, na inasemekana sigara zilizoagizwa zisipokunjwa zote kabla ya mwisho wa mwezi, jani lote litaoza.

Wifi amerudi na kikohozi. Namfahamu kikohozi huyu. Ni wa kaka yangu, ametafuta nyumba mpya.

Aprili 12, Ijumaa

Chai. Nilimwomba Meneja amrudishe wifi mezani pake. Alisema atafikiria, akasifu sahihisho langu la ukurasa wa kumi. Wakati wa kuondoka nilimwambia kuna mpeleka habari kazini kwake. Alionekana kushangaa.

Aprili 15, Jumatatu

Hakuna anayekaa karibu na Kimya. Fundi wa jirani yake amesogeza meza.

Aprili 17, Jumatano

Leo mchana Kimya alinifuata bombani nilipokuwa nikiosha kikombe. Hajawahi kunijia. Alisimama upande wangu wa kushoto, kisha akazunguka upande wa kulia.

"Shikamoo, Mwalimu."

Nikaitikia, kwa ukavu.

"Wanasema mimi ndiye nampelekea Meneja maneno. Wanasema wewe ndiye uliyewaonyesha."

"Nilisema nilichokiona. Unatega sikio."

"Natega kwa kuwa ni moja. Hili jingine limekufa tangu utotoni. Nikiangalia meza sisikii kitu, labda sauti yako ikipanda. Mtu akinisalimu kwa upande huu simjui. Nimechoka kuwaambia watu 'rudia, rudia,' nikaona bora ninyamaze."

Aliongeza, bila hasira, kama mtu anayeuliza njia:

"Halafu mimi nakaa nyuma, mama. Naona migongo. Visu vikianza kuanguka nasikia kwa miguu, sakafu inatikisika. Nani alianza, mimi nitajuaje? Hata walio mbele yangu hawajui. Nilikuwa nawaza, ni nani humu anayewaona wote kwa uso?"

Maji yalikuwa yakimwagika juu ya kikombe. Nilifunga bomba.

Kuna mtu mmoja tu anayewaona wote kwa uso. Anakaa juu ya jukwaa. Kila Ijumaa hunywa chai ofisini, na akiulizwa swali hujibu kwa ukamilifu, kama alivyowafunza watoto wa watu kujibu. Siku zote nilidhani Meneja anauliza kwa ajili ya kitabu. Nilishuku raba za nyapara. Nilishuku sikio la kiziwi. Mtu pekee niliyemwamini ni yule aliyeniita Mwalimu wangu.

Nilimwomba Kimya msamaha. Nililazimika kurudia, kwa kuwa mara ya kwanza nilisemea upande mbaya.

Jioni nilimwambia wifi. Alikuwa anapepea jiko. Nilieleza yote kwa mpangilio, Ijumaa baada ya Ijumaa. Aliendelea kupepea muda mrefu baada ya moto kukolea.

"Kwa hiyo mimi ulinitaja."

"Nilikutaja."

"Kwa jina?"

"Kwa uhusiano. Nilisema wifi yangu."

"Wifi wa wenzangu huiba sukari," alisema. "Wangu ameniibia meza."

Alikohoa, akaingia ndani, akafunga mlango. Chakula nilikipakua mwenyewe, na nilikula mwenyewe.

Aprili 18, Alhamisi

Wifi hasemi nami. Ametoka mapema na mwavuli.

Aprili 19, Ijumaa

Nilikwenda ofisini, kwa kuwa kutokwenda kungemjulisha kwamba nimejua. Chai sikuigusa. Meneja alinipa sura ya mwisho. Inahusu mashine ya kukunja: jinsi ilivyobuniwa zamani katika nchi za mbali kwa ajili ya sigara nyembamba, ikafanya peke yake kazi ya wasichana wengi waliokuwa wakikunja kwa mikono, na jinsi kila karakana iliyoikataa ilivyokufa. Mstari wa mwisho unasema kwamba mashine ya namna hiyo, ya sigara nene, inakuja hapa baada ya mvua.

"Isome Jumatano," alisema. "Ningependa kujua watakavyoipokea. Hasa wale wa kwanza kwanza."

Basi kitabu kizima kilikuwa njia ya kufikia ukurasa huu. Alikuwa anawapima, sura baada ya sura, apate kujua wa kuwaondoa kabla mashine haijaingia. Nami nilikuwa kipimo.

Aprili 21, Jumapili

Nimewaza kukataa kusoma. Nikikataa, atasoma nyapara, naye atatazama. Nimewaza kubadili maneno. Hilo sijalifanya maishani, na wakunjaji wana haki ya kujua kinachokuja. Nimewaza kusoma kisha kumwambia Meneja sikuona. Huo ungekuwa uongo, na mimi sijui kuusema. Nafsi ikitaka, uso hukataa.

Wifi aliniachia mkate mezani. Aliufunika.

Aprili 22, Jumatatu

Kabla ya gazeti nilisimama jukwaani. Milango ilikuwa imefungwa kwa mvua, na nyapara alikuwa ghalani. Nikawaambia kwamba Kimya hakupeleka neno lolote. Kwamba aliyewataja wenzao ofisini ni mimi, bila kujua, na kutojua si udhuru kwa mtu wa umri wangu. Nikawaambia Jumatano nitasoma nini, na kwa nini Meneja anataka nisome.

Nilisubiri visu vianguke. Havikuanguka. Sikusikia hata kisu kikikata jani.

Fundi mmoja wa dirishani akasema, "Na hiyo Jumatano utakuwa unamtazamia nani, Mwalimu?"

"Hilo niachieni."

"Tulikwisha kukuachia," alisema, na baadhi yao wakacheka kicheko ambacho sikukipenda.

Mchana kopo la Kimya lilikuwa limerudi kwenye rafu. Sijui aliyelirudisha.

Aprili 24, Jumatano

Meneja alikuja mwenyewe akasimama mlangoni, nyuma ya safu ya mwisho, mwavuli ukichuruzika. Kutoka pale aliona migongo. Nyapara alikuwa kando yake.

Nilipanda jukwaani. Nilikishika kiti, nikakigeuza, nikakaa nikiuelekea ukuta.

Ukuta ule ni wa chokaa, una ufa unaoshuka kama mto kwenye ramani. Nilisoma nikiutazama ufa huo. Nilisoma sura yote kwa sauti ya kumfikia aliye mbali, pamoja na koma zake. Nilisoma habari ya wale wasichana, ambao kitabu kinasema "walipata kazi nyingine" bila kusema ipi. Nyuma yangu visu vilikuwa vikikata majani kama siku yoyote. Nikadhani hawatafanya lolote, na nikawaona wana busara kuliko mimi.

Nilisoma mstari wa mwisho, kwamba mashine inakuja baada ya mvua, nikafunga jalada.

Visu vilianguka. Sikusikia cha kwanza wala cha pili. Vilianguka vyote kwa pamoja, na jukwaa likatikisika chini ya miguu yangu. Baada ya hapo nilisikia viatu vya Meneja vikiondoka. Sikugeuka mpaka wakunjaji walipoanza kuinama kuokota.

Aprili 26, Ijumaa

Hapakuwa na chai.

"Nani alianza?" aliniuliza Meneja.

"Nilikuwa natazama ukuta."

"Kwa nini?"

"Ili ukiniuliza nikujibu kweli."

Hakuniita Mwalimu wangu. Alisema msomaji si mtumishi wa karakana, hivyo hawezi kunifukuza, ila historia yake ataitafutia msahihishaji mwingine. Nilimwambia sentensi ya meli bado hajairekebisha.

Aprili 30, Jumanne

Leo asubuhi hawakukunja. Waliketi mbele ya meza zao, majani mbele yao, mikono mapajani. Nilipofungua gazeti, fundi wa dirishani akasema, "Leo pumzika, Mwalimu. Leo tunasoma sisi."

Watano walikwenda ofisini. Walisema watatu walio chumba cha mishipa warudi mezani pao, na mashine ikija, asiondolewe mtu kwa sababu ya kisu. Ikibidi kupunguzwa watu, wapunguzwe kwa utaratibu ambao wote wameusikia. Majani ghalani yalikuwa yakiendelea kupata ukungu wakati wanazungumza. Meneja ni mtu wa hesabu. Kabla ya saa ya chakula, Kibogoyo, Sajini na wifi walikuwa mezani.

Mashine itakuja. Hilo hakuna aliyeliahirisha.

Mei 3, Ijumaa

Manyunyu tu. Wifi bado anakohoa, ila si kila mara. Zahanati wamempa dawa na kumwambia aache zile sigara za bure. Amesema atafikiria, kwa sauti ileile ya Meneja, tukacheka kidogo.

Mei 8, Jumatano

Jua.

Mei 11, Jumamosi

Mvua zimekwisha, na leo visu vimeamua.

Niliuliza kama nigeuze kiti. Kibogoyo alisema, "Hapana. Leo utazame. Umetutazama msimu mzima, ya leo isikupite."

Niliketi nikiwaelekea. Mzee akauliza kwa niaba ya wote kama msomaji abaki. Kisha kisu kimoja kikaanguka. Nilimwona aliyekiangusha: nilimwona akikishika, nikamwona akinitazama machoni, nikamwona akikiachia. Vikafuata vingine. Vilikuwapo vilivyogonga pia, si vichache, na Kimya aligonga kwa nguvu kuliko wote. Lakini vilivyoanguka vilikuwa vingi zaidi.

Niliwashukuru. Nilikunja gazeti, nikashuka jukwaani. Wanasema watamtafuta kijana mwenye sauti, asiyekunywa chai.

Sina kinyongo. Ningekuwa miongoni mwao, kisu changu kingekuwa sakafuni.

Jioni tuliketi nje ya jiko, wifi na mimi, ardhi ikianza kukauka. Alikuwa akichambua maharage.

"Wifi," alisema, "yule aliyeanza leo, ulimwona?"

"Nilimwona."

"Nani?"

Nilichukua sinia la maharage, nikaanza kuchambua upande wangu.

"Nakuuliza, wifi. Nani alianza?"

Humu daftarini pia simwandiki. Nilitoa jiwe, nikalitupa uani, nikaendelea. Aliuliza mara ya tatu, nami nikaendelea kuchambua. Akaitazama mikono yangu, kisha akasogea kwenye benchi, akanipa nafasi ya kukaa vizuri.